Pikipiki Mpya, Ubovu Uleule: Haki ya Mnunuzi wa Mulanda

Kwenye njia za vumbi za Mulanda, wilayani Tororo, ni nadra kuona gari lililotoka dukani likiwa jipya. Chombo kipya chenye waranti ambacho watu wa huku hununua ni pikipiki. Ndiyo inayomkimbiza mama mjamzito kituo cha afya usiku, ndiyo inayobeba mihogo hadi sokoni, na mara nyingi ndiyo inayolipa karo. Ikiharibika kila baada ya siku chache, nyumba nzima inayumba, hasa ikiwa imenunuliwa kwa mkopo. Aliyekopesha anataka chake kila wiki, hata kama chombo kimelala gereji.

Mpaka wa Uganda na Kenya, ulio jirani na Tororo, ndio ulioizaa boda boda. Miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo kati ya vituo vya forodha vya Kenya na Uganda, Busia na Malaba, huku wakiita abiria kwa sauti: boda, boda! Jina likasafiri hadi Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Baiskeli ya wakati ule ikiharibika, fundi alikuwa chini ya mwembe wa karibu na maneno yalikwisha hapo hapo. Pikipiki ya leo inakuja na kijitabu, mihuri na masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza. Asiyejua kukitumia kijitabu hicho anaweza kuwa na haki zote na bado akakosa la kufanya.

Kijana mmoja anayeegesha karibu na kituo cha afya cha Mulanda alinionyesha chake. Alikitoa chini ya tandiko, kimeviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni, pembe zimelowa oili. Pikipiki aliinunua mpya mjini. Haikuchukua muda ikaanza kuzimika kila injini inapopata moto: akifika kilimani na abiria nyuma, inakata, na haiwaki tena mpaka ipoe. Aliirudisha dukani mara tatu. Kila mara alirudishiwa inanguruma vizuri, na baada ya siku chache ikamzimikia tena njiani.

Nilifungua kurasa. Mihuri mitatu ilikuwepo, na kando ya kila muhuri neno moja: sevisi. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema kwamba mwenye chombo alilalamika injini inakata ikipata moto. Kwa mujibu wa kijitabu kile, hiyo ni pikipiki nzima, imehudumiwa kwa wakati wake, na haijawahi kuwa na tatizo.

Nawasihi wasomaji wenye vyombo walitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu hapa ndipo haki nyingi zinapopotelea. Ubovu unaojirudia unathibitishwa kwa maandishi yanayojirudia. Ukiipeleka pikipiki gereji ya dukani, usikubali kuondoka kabla hayajaandikwa mambo manne: tarehe, kilomita zilizo kwenye mita, malalamiko yako kwa maneno yako mwenyewe, na kile ambacho fundi amefanya au amebadilisha. Mpokeaji akikataa kuandika, andika wewe barua fupi, mwombe aweke saini kwenye nakala yako. Akikataa na hilo, mtumie ujumbe huohuo kwa simu ukiwa bado umesimama dukani, na usiufute. Video ya injini inapokata kilimani ni ushahidi pia, mradi mita ionekane.

Jibu ambalo wengi hupewa ni kwamba waranti ni ya kiwanda, duka halihusiki. Si kweli. Fedha zako ulimpa mwenye duka na risiti alikuandikia yeye; mkataba wa mauzo ni wako na yeye. Waranti ya kiwanda ni ahadi ya ziada inayokaa juu ya wajibu wa muuzaji, haiufuti. Nchini Kenya, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kuwalinda Walaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amekwisha kutoa dhamana ya ubora hata asipotamka neno, na sharti lolote la mkataba linalojaribu kuiondoa dhamana hiyo ni batili. Uganda, mnunuzi husimama juu ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, ambayo nayo inamtaka anayeuza bidhaa katika biashara yake auze kitu chenye ubora na kinachofaa kazi aliyoelezwa. Ulimwambia unanunua pikipiki ya kubebea abiria? Basi iweze kubeba abiria.

Lakini sheria hizi za mauzo zina mtego. Mnunuzi anayekaa na chombo kibovu kwa muda mrefu bila kumwambia muuzaji kwamba anakikataa huhesabiwa amekipokea. Akishahesabiwa hivyo, hawezi tena kukirudisha na kudai fedha zake zote; kinachobaki ni kudai fidia ya hasara. Wengi wetu huku tumelelewa kuvumilia na kuogopa kuonekana wagomvi, na uvumilivu huo ndio unaomwokoa muuzaji. Sema mapema, na useme kwa maandishi.

Wauzaji nao wana hoja zao, na baadhi ni za haki. Pikipiki inayopakizwa magunia ya saruji kutoka Tororo pamoja na mwenye magunia haiwezi kudai imeonewa klachi ikiungua. Petroli ya chupa za plastiki kando ya barabara huja na uchafu na maji, na kabureta halisamehe. Ukiipeleka pikipiki kwa fundi wa mtaani akafungua injini wakati waranti ingali hai, umempa muuzaji mlango wa kutokea. Najua fundi wa mtaani ni wa bei nafuu, yuko karibu, na mara nyingine ana akili kuliko wale wa dukani. Hata hivyo asiguse injini mpaka muda wa waranti uishe.

Hoja ya kilomita ndiyo inayoniudhi. Waranti nyingi huhesabiwa kwa miezi au kilomita, lolote litakalotangulia. Mwanaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku humaliza kilomita 12,000 katika siku 120. Anayeambiwa dukani kwamba ana waranti ya mwaka mzima anapewa kwa hakika miezi minne, na katika miezi hiyo wiki kadhaa zinaweza kupotea akisubiri spea. Kabla hujalipa, uliza kilomita ngapi, uliza kama kazi ya boda imo au imetengwa, kisha uliza ni gereji gani za karibu zinazopokea waranti hiyo.

Upande wa mpaka nao una uzito wake. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, kimerahisisha kupita, lakini hakijaunganisha waranti. Mtu wa Mulanda anayenunua upande wa Kenya kwa sababu bei imempendeza ajue kwamba muuzaji, mahakama na ofisi ya malalamiko vyote vimebaki ng'ambo. Anayenunua gari lililotumika, la kutoka Japani kupitia Mombasa, ana hali nyingine tena. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 na Uganda imefunga mlango kwa yaliyofika miaka 15, lakini umri si afya ya injini, na alichokubaliana na muuzaji kwa maandishi ndicho kitakachomsaidia.

Muuzaji akishindwa kutengeneza na akakataa kubadilisha, njia ya mahakama si ndefu kama watu wanavyoogopa. Uganda ina utaratibu wa madai madogo chini ya kanuni za 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za Uganda, yakiwemo yanayotokana na uuzaji wa bidhaa. Unaanza kwa notisi ya madai, na mwenyewe unasimama mbele ya hakimu bila wakili. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, na kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Pikipiki mpya ya kazi huingia ndani ya viwango vyote viwili. Aliye na makaratasi yake mkononi anaweza kuisema kesi hiyo kwa dakika 10.

Wakati huo usiache kulipa mkopo kimyakimya. Aliyekukopesha ana njia ya haraka ya kuichukua pikipiki, na akishaichukua ushahidi wako umekwenda nayo. Mwandikie, mweleze ubovu, mwombe muda. Pikipiki hiyo ndiyo dhamana yake, na mbovu haimfai yeye pia.

Bado mzigo wote huu umemwangukia mnunuzi, na si lazima iwe hivyo. Sheria ya walaji ya Afrika Kusini ya 2008 inampa mnunuzi miezi 6 ya kurudisha bidhaa yenye kasoro. Muuzaji akiitengeneza na ubovu ukabaki au ukajitokeza mwingine ndani ya miezi 3 baada ya matengenezo, hana budi kuibadilisha au kurudisha fedha. Hakuna safari ya nne ya gereji. Kwa kipimo hicho yule kijana wa Mulanda angekuwa na pikipiki nyingine leo.

Wabunge wa Tororo na wa Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, wanazijua stendi za boda, kwa sababu kila uchaguzi huzipitia kuomba kura. Wakirudi safari hii, waulizwe na viongozi wa stendi lini watapeleka Kampala na Nairobi kifungu kama kile cha Afrika Kusini, na lini Bunge la Afrika Mashariki huko Arusha litataka waranti iliyotolewa upande mmoja wa mpaka iheshimiwe upande wa pili.