Risasi Isiyolia: Metali Nzito Katika Samaki wa Busia na Malaba

Katika Kiswahili, neno risasi lina maana mbili. Kwanza ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Pili ni metali laini, nzito, ya kijivu, ambayo hutumiwa kukitengeneza. Risasi ya kwanza hulia na mtu akakimbia. Ya pili hailii. Huingia mwilini pole pole pamoja na chakula, na yamkini aliyeila asijue. Makala haya yanaeleza jinsi risasi hii na nduguze, zebaki na kadimi, zinavyoweza kumfikia mlaji wa samaki katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba.

Samaki wengi waliwao katika miji hii hutoka Ziwa Victoria kupitia fuo kama vile Sio Port na Port Victoria. Omena wa Kenya huitwa mukene Uganda na dagaa Tanzania. Mpaka hubadilisha jina la samaki. Haubadilishi alichokula majini.

Metali hizi hutoka wapi? Baadhi zimo kiasili katika miamba na udongo. Nyingine huletwa na binadamu: maji taka, betri kuukuu za magari, rangi na baadhi ya mbolea. Kenya iliacha kutumia petroli yenye risasi mwaka wa 2006, ila metali haiozi; iliyotua kando ya barabara kuu haikutoweka pamoja na petroli hiyo. Aidha, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Busia ya Uganda, na wenzao wa Kakamega, Siaya na Migori, hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu. Zebaki hiyo inapochomwa hupaa kama mvuke, kisha hurejea ardhini na majini.

Ziwani, bakteria huigeuza zebaki kuwa aina inayofyonzwa kwa urahisi na viumbe. Mdudu hula mwani, samaki mdogo hula mdudu, mkubwa hula mdogo, na katika kila hatua zebaki huongezeka. Mbuta, alaye samaki wenzake, yuko kileleni mwa ngazi hiyo. Tafiti za ziwani zimeonyesha kuwa mbuta wengi wako chini ya miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo, lakini kadiri mbuta anavyokuwa mkubwa ndivyo zebaki inavyozidi mwilini mwake. Risasi na kadimi nazo hupendelea mifupa, matamvua, ini na figo kuliko mnofu.

Hapa ndipo suala la afya linapogeuka kuwa suala la haki. Minofu ya mbuta iendayo Ulaya haina budi kutimiza viwango vya metali. Kichwa na mifupa inayobaki, yaani mgongo wazi, huuzwa kwa wenye kipato kidogo, ambao kipimo chao ni jicho na pua. Omena naye huliwa mzima, mifupa na matumbo. Kwa bahati njema, udogo wake na uchache wa siku zake humpunguzia zebaki.

Madhara yanajulikana. Mjini Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka wa 1956 ulitokana na zebaki ya kiwanda iliyopitia samaki. Watu walipooza na watoto wakazaliwa na kasoro. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, nayo kadimi huharibu figo. Moto wa jikoni huua vijidudu, lakini hauondoi metali.

Je, watu waache samaki? La hasha. Samaki ni lishe muhimu, hasa kwa mtoto na mama mjamzito. Lililo muhimu ni kuchagua. Mjamzito apendelee ngege na omena kuliko mbuta mkubwa sana. Matamvua na matumbo ya ngege yatupwe. Omena aoshwe vyema ili vumbi la uanikaji liondoke. Hata hivyo, mlaji hawezi kupima metali kwa macho. Jukumu la kupima samaki wa sokoni, si wa kuuzwa nje pekee, ni la serikali za pande zote mbili za mpaka, na matokeo yatangazwe kwa lugha inayoeleweka na muuzaji na mnunuzi. Risasi isiyolia huhitaji mtu wa kuipigia mbiu.