Ndoano, chambo na vyuma vya kuvulia kwa bei chini, toka Pepa mpaka ziwani

Mtu anayetoka Pepa, kule juu ku milima ya Marungu, akishuka mpaka Moba kutafuta vyombo vya kuvulia, mara nyingi anafika ku soko na franka kidogo tu. Mbele yake kuna paketi za ndoano, mishipi ya nailoni, na siku zingine hata visamaki vya plastiki vyenye rangi. Akichagua vibaya, pesa ya chumvi na sabuni inabaki ndani ya maji. Akichagua vizuri, na vitu vingine akavikuta nyumbani bila kulipa, kuna mboga ya kula na bukari.

Kitu cha kwanza cha kujua ni namna samaki anavyotafuta chakula: kwa macho ao kwa harufu. Mikebuka, sangala na kuhe wanawinda kwa macho. Mikebuka mkubwa anafuata ndakala. Usiku ndakala wanakuja kwenye mwangaza wa taa, na mikebuka wanakuja nyuma yao. Njo maana mvuvi anaweza kumkamata mikebuka bila chambo cha kweli: anafunga ndoano na kitu kinachong'aa, anashusha mshipi, kisha anaupandisha na kuushusha kidogo kidogo. Kwa macho ya mikebuka, ile ni ndakala aliyeumia, anayeshindwa kukimbia.

Chuma cha namna hiyo hakina haja ya kununuliwa. Mkono wa kijiko cha zamani, ukikatwa na kutobolewa tundu pande mbili, unafanya kazi. Kipande cha kopo la sardini kinafanya kazi pia, lakini kingo zake zisuguliwe kwanza juu ya jiwe, la sivyo zitakata mshipi na vidole. Unyoya mweupe wa kuku, ukifungwa na uzi kwenye shingo ya ndoano, unacheza vizuri ndani ya maji. Nyuzi za mfuko wa mchele, zile zinazong'aa, zinafaa vilevile. Vile visamaki vya plastiki vya ku butiki ni vizuri kutazama, lakini rangi nyingi zinamvutia mnunuzi kuliko samaki. Kina kikiongezeka, rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea, kwa hiyo mtu anayelipa zaidi juu ya rangi hiyo anaweza kuwa amelipa bure. Kung'aa na kucheza ndivyo vinavyomwita samaki.

Kambale ni kinyume kabisa. Yeye ana ndevu, anatembea chini kwenye matope, mara nyingi usiku, na anategemea harufu na kugusa. Kumwonyesha chuma kinachong'aa ni kupoteza wakati. Anataka matumbo ya kuku, matumbo ya samaki, ao mnyoo mnono. Tilapia wa ku bwawa anakubali kipande cha bukari kigumu kilichofinyangwa vizuri na vidole, kidogo kama punje ya mahindi. Kikiwa laini, kinayeyuka mbele ya samaki kukiona.

Kwa chambo, watu wa Pepa wana bahati ambayo watu wa ufukoni hawana: ng'ombe. Chini ya rundo la mavi ya ng'ombe yaliyozeeka, penye unyevu, kuna minyoo mingi. Chini ya migomba pia. Minyoo ikiwekwa ndani ya kopo lenye matundu madogo, pamoja na udongo wenye unyevu na majani juu, inakaa siku kadhaa kama iko kivulini. Lakini Marungu kunapita metre 2,000 toka bahari, na ziwa liko kwa metre 773 hivi. Joto la chini linaua minyoo ya milimani haraka, kwa hiyo kopo lisiachwe kwenye jua ndani ya mtumbwi. Funza nao ni bure: kichwa cha samaki kikining'inizwa juu ya kopo mbali na nyumba, siku chache baadaye wanaanguka wenyewe. Harufu ni kali, majirani watasema.

Kule Kanada na Finland, maziwa yanapoganda, watu wanatoboa barafu na kuvua kupitia tundu, na funza haohao wanauzwa ku butiki kwa pesa. Barafu haiko Tanganyika, lakini kuna jambo la kujifunza. Ndani ya maji baridi samaki anakuwa mzito, hakimbii mbali, hali sana. Kwa hiyo wale watu wanatumia ndoano ndogo, chambo kidogo, na wanachezesha polepole. Mito ya Marungu, kama Mulobozi unaoshuka mpaka ziwani karibu na Moba, ina asubuhi zenye baridi kali mwezi wa sita na wa saba. Anayevua saa hizo afanye vilevile, ao asubiri jua lipande. Tena wakati huo wa kiangazi maji ni safi, samaki anaona mshipi mnene. Mvua zikirudi, toka mwezi wa kumi mpaka wa nne, mto unakuwa mchafu, na chambo chenye harufu kinashinda.

Sasa ndoano yenyewe. Hapo ndipo franka zitumike. Namba za ndoano zinadanganya wengi: kwa zile za kawaida, namba ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo. Namba 16 ni ya visamaki vya mtoni, namba 4 ni ya samaki mwenye mdomo mkubwa. Mbele ya kulipa, ncha ijaribiwe juu ya ukucha: ikikwama, ni kali, ikiteleza, ni butu. Halafu ivutwe kidogo na vidole. Ile inayofunguka kama waya wa kawaida itafunguka pia kwa kambale wa kwanza. Afadhali ndoano 3 ngumu kuliko 10 za kuchezea, na ncha ikichoka, jiwe laini linairudisha.

Mshipi uliokaa juani kwa muda mrefu ku meza ya muuzaji umeshaanza kuoza, hata ukionekana mpya. Wavuvi wenye akili wanafunga pia kipande kifupi cha nailoni nyembamba kati ya mshipi mkubwa na ndoano. Ndoano ikikwama kwenye jiwe, kile kipande kinakatika peke yake, na mshipi wote unarudi.

Kwa kuzamisha mshipi, wengine wanavunja betri ya gari na kuyeyusha risasi ya ndani. Hapo bei chini inakuwa bei kali. Moshi na vumbi la risasi ni sumu, inaingia ndani ya damu na kuharibu ubongo wa watoto, na nyumba ambamo risasi imeyeyushwa inabaki na ile sumu. Ekru ya zamani ya baiskeli, ao jiwe lenye kiuno la kufunga uzi, linazamisha mshipi sawasawa.

Kuna wanaosema ndoano inachelewa, heri chandarua ao majani ya ububa. Chandarua kinabeba watoto wa samaki wenye urefu wa kidole. Ububa unawazuia samaki wote kupumua, wadogo na wakubwa, kwenye kipande chote cha mto, na mwaka unaofuata mwenye ndoano na mwenye ububa wote wanarudi na kikapu kitupu. Ziwani nako nchi nne zinazolishiriki, Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana kupumzisha uvuvi miezi mitatu kwa mwaka. Kwa mwaka 2024 Tanzania ilifunga toka tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane. Mbele ya kushuka toka Pepa na kopo la minyoo kipindi hicho, ni vizuri kuuliza kwanza ku ofisi ya uvuvi ya Moba ao Kalemie.