Alitatua kero yake kazini, ikazaa kampuni

MFANYABIASHARA mwenye maduka matatu huweza kupata habari za friji lililoharibika asubuhi, wakati samaki wameshaoza. Kinachomtia hasara si ubovu wa friji peke yake, bali kuchelewa kujua.

Kero ya aina hiyo ilimkuta Alexei Vladishev, aliyekuwa msimamizi wa kompyuta katika benki moja nchini Latvia. Kukagua kompyuta nyingi moja baada ya nyingine kunachosha, na kompyuta zinapotegemeana, moja ikisimama huduma nzima huyumba. Mwaka 1998 alianza kuandika programu yake mwenyewe ya kumfanyia kazi hiyo.

Mwaka 2001 aliitoa bure kwa umma kwa jina la Zabbix, akiruhusu yeyote kuirekebisha. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2004.

Inavyofanya kazi

Kila kompyuta huwekewa programu ndogo, mithili ya karani, inayopeleka taarifa makao makuu kila baada ya muda uliopangwa. Kipimo kikivuka kiwango kilichowekwa, mhusika hupelekewa ujumbe.

Lakini kompyuta iliyozimika haiwezi kujitangaza. Kwa hiyo Zabbix inaweza kupangwa ihesabu ukimya wenyewe kuwa ni taarifa ya hatari. Wahenga walishasema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tahadhari ni kwamba kengele zikizidi, watu huzipuuza. Ndiyo maana inashauriwa kengele ilie pale tu tatizo linapodumu kwa dakika kadhaa.

Faida inatoka wapi?

Mwaka 2005 Vladishev alianzisha kampuni mjini Riga. Programu yenyewe inapatikana bila malipo. Kampuni hupata fedha kwa kuuza mafunzo, ushauri na huduma ya matengenezo. Kwa maneno mengine, mteja hupewa jembe bure, akalipia fundi.

Mjasiriamali asidhani, basi, kwamba kitu cha bure hakina gharama. Kompyuta ya kuiendesha na mtu wa kuisimamia vinahitaji fedha.

Hata hivyo, utaratibu wake unaweza kufuatwa hata na asiye na kompyuta. Chukua mfano wa mwenye vituo viwili vya kukusanya maziwa. Maziwa hutakiwa kupozwa hadi nyuzi joto 4 hivi. Apange na wahudumu wake wamtumie kipimo kwa ujumbe wa simu saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, naye aandike kwenye daftari. Ikipita nusu saa bila ujumbe, asisubiri. Apige simu, na isipopokelewa amtume mtu.

Baada ya miezi michache, daftari hilo litamwonyesha mtambo upi unasumbua na saa ngapi. Hapo ndipo atakapojua kama anahitaji fundi, jenereta au mhudumu mwingine.