Hukumu za Wasafiri juu ya Vyakula vya Ugenini

Hakuna habari ambayo msafiri huisimulia upesi arudipo kwao kuliko habari ya chakula. Ataulizwa juu ya njia, na juu ya wenyeji na sheria zao, naye atajibu kwa maneno machache, lakini akiulizwa, "Huko mlikula nini?" hapo ulimi wake hufunguka. Nasi tumezoea kuyasikiliza maneno hayo kama mazungumzo ya barazani tu. Walakini yafaa tuyapime, kwa maana hukumu ya chakula mara nyingi haikai ndani ya chungu. Huhama ikawa hukumu ya watu. Tangu siku hiyo watu wa nchi fulani huitwa kwa jina la kitoweo chao, na jina hilo huwafuata sokoni na shuleni.

Shahidi wetu wa kwanza na awe Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika Moroko, aliyezaliwa mwaka 1304, ambaye alitembea karibu miaka 30 katika nchi za Waislamu na kupita mipaka yake. Mwaka 1331 alifika Mogadishu, akapokewa na kadhi, na kwa siku 3 akaletewa chakula mara 3 kila siku. Naye hakuandika tu kwamba alikula akashiba, kama waandikavyo wengi. Ametaja wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mti, na juu yake vitoweo vya kuku, na nyama, na samaki, na mboga. Ametaja ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa mapya. Tena maziwa ya mgando, pamoja na achari ya malimau, na pilipili iliyotiwa siki na chumvi, na tangawizi mbichi, na maembe. Embe alilieleza kwa kulifananisha na tofaa lenye kokwa, kwa kuwa wasomaji wake wa Moroko hawakulijua. Kisha akaongeza hukumu yake: ya kuwa mtu mmoja wa mji ule hula kadiri ya chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na ya kuwa ni wanene sana.

Msomaji atazame vizuri namna hukumu hiyo ilivyojengwa. Mambo yote ya kwanza ni ushahidi: aliona, akaonja, akaandika. Neno la mwisho ni kipimo, na kipimo chenyewe kimetoka Tangier. Hakuuliza kama wale waliokula pamoja naye walikuwa wakuu wa mji, ambao hula vizuri kila siku, au kama wavuvi wa pwani ile ile walikula vivyo hivyo. Mgeni wa heshima huiona nchi kwa mlango wa karamu. Huyo huyo alipofika Mombasa aliandika kwamba watu wa kisiwani hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka bara ya pwani, na chakula chao kilikuwa hasa ndizi na samaki. Ni mwendo wa siku chache tu, na ni pwani ile ile.

Hapa pana jambo la kuwapendeza wachunguzi wa mambo ya kale. Katika habari hizo zote hamna mahindi, wala muhogo, wala nyanya. Wala haviwezi kuwamo, kwani vitu hivyo vyote asili yake ni Marekani, navyo havikuvuka bahari kuja pande zetu ila baada ya mwaka 1492. Hata ile pilipili ya achari haikuwa pilipili hoho tuijuayo, bali ya jamii ya pilipili manga. Al-Masudi, aliyefika pwani yetu mwaka 916, aliandika kwamba chakula kikubwa cha watu wa huku kilikuwa mtama, pamoja na mizizi iliyochimbwa ardhini, na kwamba ndizi zilikuwa nyingi. Basi mtu wa leo asemaye kwamba ugali wa mahindi ndio chakula cha mababu tangu mwanzo, na kwamba asiyeupenda ameiacha mila, husema neno ambalo mababu wa mbali wasingelielewa. Jina lenyewe, mahindi, laonyesha kwamba wazee wa pwani walikijua kuwa ni kitu kilichotoka ng'ambo, ingawa walikisia kwamba kimetoka Uhindi.

Turudi kwa msafiri wetu. Mwaka 1352 alikwenda Mali, kwa Mansa Sulaiman. Siku ya 10 baada ya kufika, yeye na wenzake walikula uji mzito uliopikwa kwa kiazi cha nchi ile, na watu 6 wakaugua wote. Mmoja alikufa, naye Ibn Battuta alianguka na kuzimia katika sala ya alfajiri, akakaa mgonjwa miezi 2. Alipopona aliambiwa kwamba zawadi ya mfalme imekuja. Akasimama, akitazamia mavazi na fedha. Kumbe ni mikate 3 ya mviringo, na kipande cha nyama ya ng'ombe kilichokaangwa kwa mafuta ya kokwa za mti wa huko, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka, akastaajabia udogo wa akili za watu walioona hicho kuwa ni kitu kikubwa.

Nasi twaona katika kicheko hicho mambo mawili yaliyochanganyika. Mikate na nyama na maziwa si chakula kibaya. Mtu aliyetoka jangwani angekishukuru. Kilichohukumiwa si ladha, ila thamani ya zawadi. Tena alicheka mtu aliyetoka kitandani, ambaye tumbo lake lilikuwa limekwisha kuishitaki nchi nzima. Tumbo ni hakimu mwenye kumbukumbu ndefu na asiyekubali rufani. Likiumia mara moja, hukataa hata harufu ya kitu kile, na mwenyewe husema, "Chakula cha huko ni kibaya," kana kwamba amekionja mara 100.

Alipozungumza juu ya China alisema kwamba kuku wa huko ni wakubwa, hata yule waliyemnunua hakuenea katika chungu kimoja, wakampika katika vyungu viwili. Juu ya Bengali alisema kwamba hakuona nchi yenye vyakula rahisi kuliko hiyo, ila watu wa Khurasani waliiita jehanamu iliyojaa neema, kwa ajili ya hewa yake nzito. Hawa walijua kutenga mambo: sokoni ni neema, hewani ni mateso. Wasafiri wengi hawatengi; joto likiwachosha, husema wali ni mbaya.

Lakini sababu kubwa ya wageni kutopatana juu ya chakula, kwa maoni yetu, imo katika lugha. Neno "chakula" lenyewe halina kipimo kimoja. Kwa Waganda neno emmere ni chakula, lakini hasa ni kile kilicho kikubwa mezani, na zaidi ndizi zilizopikwa kwa mvuke ndani ya majani. Kinachofuatana nacho huitwa enva, nacho peke yake si chakula. Wabemba wa Zambia husema ubwali, yaani ugali wa ulezi, na kitoweo chake umunani. Mwanamke Mwingereza, Audrey Richards, aliyekaa kwao katika miaka ya 1930 na kutoa kitabu chake mwaka 1939, aliona watu waliotafuna magunzi kadhaa ya mahindi ya kuchoma wakilia kwamba wanakufa kwa njaa, hawajala kitu tangu asubuhi. Hawakusema uongo. Kutafuna si kula, na ubwali ulikuwa haujasongwa. Huko Misri neno la Kiarabu aish, ambalo shina lake ni uhai, ni mkate. Katika nchi za Ghuba neno lilo hilo ni wali. Waswahili waliohamia huko walilikuta neno ambalo ndugu yake wanaye kinywani kila siku, maana shina hilo ndilo lililotupa "maisha."

Katika Kiswahili chenyewe mambo hutatanika vivyo hivyo. Mtu wa bara huuliza, "Leo mboga gani?" naye akijibiwa "Samaki," huridhika. Mtu wa pwani akisikia hayo hucheka, kwa kuwa kwake mboga ni majani na matunda ya bustani, na samaki ni kitoweo. Tena mtu wa bara akishika ng'onda kwa mara ya kwanza husema, "Samaki huyu ananuka," na mwenyeji huudhika, kwani kwake kunuka ni kuoza. Yeye ana maneno yake: shombo ni harufu ya samaki mbichi, wala si aibu, uvundo ni harufu ya kilichoharibika. Mgeni hana maneno hayo mawili, basi hana ila hukumu moja. Kadhalika chapwa ni chakula kisichokolea, na ukakasi ni ule ukavu wa ndizi mbichi unaokaza ulimi, mtu asiyejua kuvitofautisha hutupa vyote viwili katika neno "kibaya." Na ajabu ya lugha yetu ni kwamba neno mwiko ni kile kijiti cha kusongea ugali, na pia ni jambo lililokatazwa, wapishi na wazee wamegawana neno moja.

Twataja mwiko kwa sababu mwingine hukataa chakula pasipo kuhukumu ladha hata kidogo. Katika Buganda watu wa ukoo wa Nsenene hawali senene, na zamani wanawake wa huko hawakula senene, wala kuku, wala mayai. Mgeni asiyejua atadhani wamechoka navyo. Na mtu wa Unguja alaye kamba kwa furaha, na miguu yao na ndevu zao na magamba yao, hushangaa kusikia kwamba watu wa Bukoba hukaanga senene. Tukiviweka viumbe hivyo viwili katika sahani moja, twaona vigumu kueleza kwa nini mmoja ni karamu na mwingine ni kichefuchefu, ila kwamba mmoja alionjwa utotoni.

Jambo hili si la mzaha. Katika shule moja ya bweni tuliyofundisha alikuwako kijana kutoka nchi ya migomba. Kila jioni alipewa ugali na maharagwe, kadiri ile ile waliyopewa wenzake, naye alibakiza nusu. Wenzake wakamwita Bwana Ndizi, na mpishi akasema ni kiburi. Mwalimu mmoja mzee aliyekijua Kihaya alimwita faraghani, akamwuliza kwa lugha yake. Akajibu kwamba tumbo lake lilijaa kila siku, lakini hajala tangu alipotoka kwao. Maneno hayo yalipotafsiriwa mbele ya wengine yakawa kicheko kipya. Kabla ya muhula kwisha kijana alitoroka, wala hakurudi; na kiti chake darasani, ambacho wazazi wake walikuwa wameuza ng'ombe wakipate, akapewa mwingine. Shule hiyo baadaye iliweka siku 2 za ndizi kwa juma, na siku 1 ya wali, na kelele za bwenini zikapungua. Gharama haikuzidi sana, kwa sababu mabaki yaliyokuwa yakimwagiwa nguruwe yalipungua pia.

Kwa hiyo mtu akituletea habari ya vyakula vya nchi ngeni, twamwuliza kwanza: ulikula nyumbani mwa nani, na katika mwezi gani? Nchi ile ile huwa na mezi mbili, ya mavuno na ya kabla ya mavuno, na msafiri wa kiangazi hujua moja tu. Ulikuwa mzima? Ulilipa, au ulikirimiwa? Na wenyeji wenyewe huitaje ladha ile uliyoiona mbaya? Swali hili la mwisho twalipenda kuliko yote, maana mara nyingi jibu lake huonyesha kwamba wenyeji nao huiona mbaya, au kwamba ndiyo hasa waitafutayo, kama uchachu wa maziwa ya mgando.

Kuhusu hayo tungependa wasomaji wa bara watuandikie majina watumiayo katika lugha zao kwa mambo manne: chakula kisicho na chumvi, harufu ya samaki mkavu, ukakasi wa ndizi mbichi, na ukoko ushikao chini ya chungu. Tena watueleze kama ukoko huo kwao ni wa watoto, au wa mpishi, au hutupwa, kwani habari tulizopata mpaka sasa juu ya ukoko hazipatani hata kidogo.