SOMO LA WATU WAZIMA: HABARI FUPI NA HABARI NDEFU
Faida ya maandishi mafupi kwa mwenye blogu

Leo tutazungumza juu ya mtu anayeandika blogu, yaani ukurasa wake mwenyewe katika intaneti, ambako huweka maandishi marefu. Mtu huyu mara nyingi huyadharau maandishi mafupi ya mitandao. Husema, "Mimi ni mwandishi, maneno mawili matatu yatamfundisha nani?" Tutazame kama neno lake ni la haki.

Wazee wetu walijua ufupi tangu zamani. Mtu wa Sumbawanga aliyepeleka simu ya maandishi kwa ndugu yake wa Dar es Salaam alilipa kwa kila neno, kwa hiyo alipima kila neno kabla ya kutoa fedha. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na makala marefu, lakini lilikuwa pia na nafasi ya habari fupi kutoka miji na wilaya. Nayo methali ni nini, ila ni somo zima lililofungwa katika maneno matano?

Sasa sikilizeni ufupi wa siku hizi ulikotoka. Mwaka 1985 fundi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, alitaka kujua ujumbe wa simu uwe na urefu gani. Alikaa na mashine ya kupiga chapa, akaandika sentensi za kawaida na kuzihesabu herufi zake. Aliona kwamba karibu zote hazikupita herufi 160. Alitazama pia kadi za posta, akaona kwamba watu huzijaza kwa maneno machache tu. Basi ujumbe wa simu ukapewa herufi 160. Mwaka 2006 ulipoanza mtandao wa Twitter huko Marekani, ulifuata kipimo hicho: herufi 140 za ujumbe, na 20 ziliachwa kwa jina la mwandishi. Mwaka 2017 zikaongezwa kuwa 280, na mwaka 2023 mtandao huo ukabadilishwa jina ukaitwa X.

Na blogu je? Katika Kiswahili, Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuandika blogu. Mwaka 2005 alimtia moyo mpiga picha Issa Michuzi, walipokutana Helsinki, naye Michuzi akaanzisha yake. Angalieni jambo moja: blogu ya Michuzi, iliyokuja kuwa mashuhuri sana nchini, ilipendwa kwa picha na maneno machache chini yake. Watu waliifungua kila siku kwa sababu kila siku palikuwa na jambo jipya, hata kama ni dogo.

Tuje sasa huku kwetu Ufipa. Tuseme wewe ni mkulima wa Pito, nawe una blogu yako juu ya kilimo cha mahindi na maharagwe. Unaandika makala moja kwa mwezi. Ni makala mema, lakini jirani yako ana simu ndogo, na kifurushi chake ni cha shilingi chache. Kabla hajamaliza kuyafungua, kifurushi kimekwisha. Tena yeye hajui hata kwamba umeandika.

Asubuhi moja unaingia shambani, unaona majani ya mahindi yametoboka. Unafungua moyo wa mhindi, unakuta kiwavi. Kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Huyo ni kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni bara la Amerika; alionekana Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 akaripotiwa katika mkoa wetu wa Rukwa. Kiwavi huyu akiwa mchanga huuawa kwa urahisi. Akiisha kukua hujificha ndani ya moyo wa mhindi, chini ya kinyesi chake, na dawa haimfikii vizuri. Kwa hiyo siku chache tu ndizo zinazotenga shamba lililopona na shamba lililoliwa.

Je, utangoja makala ya mwezi ujao? Kabla ya mwezi kwisha jirani atakuwa amepoteza chakula cha watoto wake. Andika leo:

"Pito, asubuhi. Nimeona viwavijeshi katika mahindi machanga. Kichwani alama ya Y iliyopinduliwa. Kagueni moyo wa mhindi leo. Maelezo na picha katika blogu."

Hayo ni maneno machache, wala hayapiti herufi 160. Lakini yamesema mahali, wakati, kilichoonekana, jinsi ya kukitambua, la kufanya, na pa kupata maelezo zaidi. Hata mwenye simu ya tochi ataweza kuletewa.

Hii ndiyo faida ya kwanza: upesi. Mfano wake ulionekana Kenya. Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, karibu na Nakuru, alijulikana sana mwaka 2012 kwa kuwapasha watu wake habari kwa Twitter, na wengi walizipokea kwa ujumbe wa kawaida wa simu. Alfajiri moja, kama saa kumi, alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akaandika ujumbe. Baada ya dakika chache majirani walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba ile, na wezi wakakimbia. Hakuna makala marefu yawezayo kufanya kazi hiyo.

Faida ya pili ni akiba. Mwandishi wa makala marefu hupata taabu anapokaa kuandika, kwa maana mawazo ya mwezi mzima yamekwisha kumtoka kichwani. Lakini aliyeandika maneno machache kila siku, leo juu ya mvua, kesho juu ya bei ya gunia pale Sumbawanga mjini, keshokutwa juu ya samadi, mwisho wa mwezi hufungua ghala, akakuta mbegu zimejaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Faida ya tatu ni kusahihishwa na kuulizwa. Ukitoa wazo dogo, mkulima wa Laela au Matai atakujibu, "Kwetu si hivyo." Mwingine atauliza, "Na kwenye maharagwe je?" Ni heri kuyapata hayo kabla ya kuandika makala kuliko baada yake. Swali linaloulizwa na watu watatu linakuonyesha makala yako yajayo.

Faida ya nne ni mkono mwepesi wa kuandika. Mtu aliyezoea kupunguza maneno hadi yaingie katika nafasi ndogo hujifunza lipi ni la lazima na lipi ni pambo. Akirudi kwenye blogu yake, hata makala yake marefu husomeka.

Lakini kila chenye faida kina hatari yake. Hatari ya kwanza ni kwamba neno fupi halina nafasi ya kueleza sababu. Ukiandika, "Pigeni dawa," bila kusema dawa gani, kiasi gani, na kinga gani ya mwili, waweza kumdhuru mtu. Mambo ya namna hiyo ni kazi ya blogu. Ujumbe mfupi ni kama kengele: huwaita watu shuleni, lakini haufundishi somo.

Hatari ya pili ni uvumi. Habari fupi hukimbia, na ya uongo hukimbia vilevile. Usiandike ulichosikia sokoni kana kwamba umekiona. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamshika mtu anayetangaza habari za uongo kwa kusudi la kupotosha. Tena mwenye blogu akumbuke kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa mwaka 2018, zilizowataka wenye blogu wajiandikishe na kulipa ada. Wakati ule ada zilikuwa nzito, na wako walioacha kuandika. Kanuni hizo zimebadilishwa baadaye. Yafaa kuuliza TCRA kabla ya kuanza.

Hatari ya tatu ni kujenga katika kiwanja cha mwenzio. Mtandao wa watu ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba aweza kubadili jina, kubadili masharti, au mlango waweza kufungwa. Mwezi wa Mei mwaka 2025 watu wengi nchini Tanzania walikuta X haifunguki kwa njia waliyoizoea. Aliyekuwa ameweka kazi yake yote humo alibaki mikono mitupu. Basi lililo jema lihamishie katika blogu yako, na nakala yake uiweke pia katika daftari au kompyuta.

Nitafupisha kwa kutoa kanuni ya kazi. Siku sita za juma, andika habari moja fupi: uliloliona, mahali, na siku. Siku ya saba zisome zote, chagua iliyoulizwa maswali mengi, uikuze iwe makala kamili kwa sababu zake na picha zake. Kisha waarifu wasomaji kwa ujumbe mfupi kwamba makala yako tayari. Hivyo fupi huzaa ndefu, na ndefu hutangazwa na fupi. Jembe na shoka havigombani. Kila kimoja kina kazi yake shambani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Taja habari tatu za kijiji chenu zifaazo kupelekwa kwa ujumbe mfupi, na tatu zinazohitaji maelezo marefu. Toeni sababu.
2. Mtu wa kikundi asome barua ya ukurasa mmoja. Wengine waiandike upya kwa maneno 25. Ni nini kilichopotea? Je, kilikuwa cha lazima?
3. Mkiletewa ujumbe kwamba ugonjwa umeingia katika mazao, mtathibitishaje kabla ya kuupeleka kwa wengine?
4. Kama mtandao mnaoutumia ungefungwa kesho, ni maandishi gani yenu yangebaki?

Kwaherini, ndugu zangu. Fanyeni zoezi la pili kwa makini, maana ndilo somo lenyewe.