Aparei ya satelite inaona mbali, lakini haioni kamyo



Siku hizi ukipita kwenye shantie au kando ya kariere, unamwona topografu akitembea na fimbo ya metre 2, na juu yake antene ya mviringo. Zamani kazi hiyo ilitaka watu wawili au watatu: mmoja anaangalia katika teodoliti, mwingine anashika mira, mwingine anavuta mnyororo wa kupimia. Leo mtu mmoja anasimika fimbo, anabonyeza, na aparei inamwonyesha mahali aliposimama kwa kosa la sentimetre 1 au 2 tu. Ni maendeleo makubwa. Lakini mtu anayefanya kazi peke yake hana mwenzake wa kumpigia kelele: «Jihadhari!» Kwa hiyo leo tunasema na topografu, na wasaidizi wake, na madereva wote.

Inafanya kazi namna gani?

Juu yetu, mbali kadiri ya kilometre 20.200, zinazunguka satelite za Marekani ziitwazo GPS. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Leo Urusi, Ulaya na China nao wana zao. Kila satelite inatuma saa yake na mahali ilipo. Aparei ikisikia satelite 4 au zaidi, inahesabu mahali pako. Ili kufikia sentimetre, aparei ya pili inawekwa juu ya alama inayojulikana, nayo inatuma masahihisho kwa radio hadi kwenye fimbo.

Je, inadhuru mwili?

Watumikaji wengi wanauliza kama antene ile inaharibu damu au kizazi. Hapana. Antene ya satelite inapokea tu, kama sikio. Mawimbi yanayotoka juu ni dhaifu sana, nayo yanakufikia hata ukilala nyumbani. Kinachotuma kwa nguvu zaidi ni radio ya aparei ile ya pili. Usikae karibu na antene ya radio hiyo, wala usiishike wakati inatuma. Ukifuata hayo, lala usingizi wako.

Hatari za kweli ni hizi:

1. Macho kwenye kioo. Aparei inaonyesha mshale: nenda mbele, rudi nyuma, kidogo kushoto. Mtu anaufuata mpaka anasahau kwamba nyuma yake kuna ukingo wa shimo. Sheria ni moja: ukitembea, angalia njia, ukitaka kusoma, simama. Usirudi nyuma kamwe bila kugeuka.

2. Chini ya ukuta wa kariere. Ukuta mrefu unaficha satelite, na mawimbi yanagonga mawe na kurudi yakiwa na uongo. Hapo topografu anangoja dakika 5, dakika 10, ili namba itulie. Hizo ni dakika 10 chini ya mawe. Usingoje! Ondoka, mwambie kapita, mpime kwa aparei nyingine kutoka mbali. Tukumbuke tarehe 8 Machi 2016: ukuta wa shimo la KOV, Kolwezi, ulianguka, na watumikaji 7 wakapoteza maisha. Satelite inaweza kusaidia, maana alama zilizowekwa juu ya kingo zinapimwa, na alama ikisogea tunajua udongo unatembea. Lakini alama ziko mahali pachache tu. Ukiona ufa mpya, toa habari siku ile ile.

3. Kamyo na mashini. Dereva wa kamyo kubwa hawezi kumwona mtu aliye karibu na magurudumu yake. Vaa kaske na jile inayong'aa. Kabla ya kuingia njia ya kamyo, sema na dereva kwa radio, na usisogee mpaka amekujibu. Nawe dereva, ukiona fimbo ya topografu, ujue kuna mtu chini yake.

4. Nyaya za umeme. Fimbo nyingi za leo ni za kaboni: ni nyepesi, lakini kaboni inapitisha umeme. Ilaze fimbo unapopita chini ya waya.

5. Radi. Katika Katanga mvua inapiga tangu Novemba hadi Aprili, na topografu anapenda mahali pa juu. Ukiona umeme wa mvua, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, acha kazi, ingia ndani ya nyumba au gari lililofungwa. Usirudi kabla ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

6. Ramani za zamani. Zilichorwa kwa hesabu ya zamani ya nchi yetu, na hesabu ya satelite ni nyingine. Ukizichanganya bila kuzigeuza, tofauti inaweza kupita metre 100. Hapo unachimba ukiamini kebo ya umeme iko mbali, kumbe iko chini ya miguu yako. Kabla ya kuchimba, hakikisha hesabu ni moja, na mtafute kebo kwa aparei ya kutafutia nyaya.

7. Jua. Anayepima kutwa nzima mahali pasipo kivuli anapoteza maji mengi. Kunywa kabla ya kusikia kiu. Ukisikia kichwa kinazunguka, keti kivulini na umwite mwenzako.

Ndugu kapita, usimtume topografu peke yake kando ya shimo au njiani mwa kamyo. Mpe msaidizi ambaye kazi yake ni kulinda tu.

Namba ikikosekana leo, kesho tutaipima tena. Mtu akikosekana, hakuna satelite ya kumrudisha nyumbani kwa bibi na watoto wake.