Anza na Pua

Ukiwekewa mbele yako picha ya chapa ya mbao ya mwigizaji wa Kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, usihangaike kwanza na joho. Tazama pua. Wapenzi wa tamthilia katika Japani ya karne ya 19 walimtambua mtu wao kwa sura kabla ya kusoma neno lolote.

Mchukue Nikki Danjō, mwovu wa tamthilia ya Meiboku Sendai Hagi. Kwa uchawi hujigeuza panya, akanyakua hati yenye majina ya wala njama, akapigwa kichwani kwa upepeo wa chuma. Mara anaibuka akiwa mtu tena: hati mdomoni, jeraha kwenye paji. Aliyevuma sana kwa kumwigiza ni Matsumoto Kōshirō wa Tano, aliyefariki mwaka 1838. Pua yake ilikuwa kubwa hata watu wa Edo, ndiyo Tokyo ya leo, wakampa jina la utani kwa ajili yake. Wachoraji walipenda kumchora kwa upande, pua ionekane yote, pamoja na kidoa cheusi kwenye nyusi.

Uso huo ulipita mikono mingi. Mchoro wa karatasi nyembamba ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mchongaji akachimba kila pasipo na mstari, na mchoro wenyewe ukapotelea hapo hapo. Nguo ziliweza kuachiwa wanagenzi. Kichwa kilikuwa cha fundi mkuu, kwani penye maoteo ya nywele alipaswa kubakiza mistari ya mbao myembamba kama unywele wenyewe. Mimi hapo hutazama kwa kioo cha kukuzia, na sichoki.

Mwaka 1842 serikali ya shogun ilipiga marufuku picha za waigizaji. Ukali ulipolegea, mchoraji Utagawa Kunisada alirudi kwa ujasiri ninaouheshimu sana: mwaka 1852 alitoa mfululizo wa picha uliopanga wahusika wa tamthilia kwenye vituo vya barabara ya Tōkaidō. Jina la kituo lipo, la mwigizaji halipo. Watu walinunua kwa wingi, wakawatambua vipenzi wao, hata waliokwisha kufa.

Na Kōshirō? Hadi leo, waigizaji wa Nikki Danjō hujichora kidoa cheusi kwenye nyusi kabla ya kupanda jukwaani.